Anaona au haoni? Fomu iliyomshinda mwalimu Dorofe

Saa moja na robo asubuhi, kipande cha reli kinagongwa katika Shule ya Msingi Nakhwere, na Dorofe Muheziwa tayari ameshafungua kamba yake. Ni kamba ya katani ya mita sita, umbali wa kupimia macho. Ncha moja ameifunga kwenye mguu wa meza, ya pili ameshikishwa msichana wa darasa la tatu. Juu ya meza kuna kadi yenye herufi moja tu, E, na Dorofe anaigeuza huku na huku. Mtoto anatakiwa kuonyesha kwa vidole miguu ya ile herufi imeelekea wapi.

"Juu au chini? Usinitazame mimi, mama. Tazama kadi."

"Kadi iko wapi, madamu?"

Darasa zima linaangua kicheko, watoto mia moja na kumi na wanane waliobanana sakafuni. Dorofe hacheki. Anaandika jina la msichana kwenye daftari, anamwambia akae mbele kabisa, kisha anaita mwingine.

Mlangoni amesimama mwalimu mkuu, Wyson Likagwa, mikono mfukoni.

"Madamu, nilikwambia kwenye simu. Hapa hatuna wasioona. Tuna wavivu tu."

"Basi wavivu wako watatu nawaandika leo."

"Waandike wote, uniachie madawati."

"Madawati gani, bwana mkubwa? Hayo na mimi siyaoni."

Wanacheka wote wawili, kicheko cha watu waliozoeana kwa miaka mingi bila kupatana.

Dorofe, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ni mwalimu wa kuzunguka wa watoto wenye matatizo ya macho. Hana darasa. Ana baiskeli, kamba, kadi, lenzi nne za kukuzia maandishi, na shule thelathini na moja, kuanzia juu kwenye mashamba ya chai hadi kule bondeni kwenye migomba. Alipoanza kazi hii miaka kumi na tisa iliyopita shule zilikuwa kumi na mbili, na walimu wa kuzunguka walikuwa wawili. Mwenzake akastaafu. Nafasi yake haikujazwa, shule zake zikaongezwa kwa Dorofe.

"Siku ya kuagana alinikabidhi ufunguo wa kabati la vifaa," anasema. "Nikafungua. Mlikuwa na nyigu."

Kabla ya kutumia kamba na kadi, hupita kwanza kati ya watoto akiwatazama pua. Mtoto anayeandika huku uso umelala kwenye daftari huufuta wino kwa pua yake.

"Wenzake wakitoka wananawa mikono, yeye inabidi anawe pua," anasema. "Mama yake anadhani ni uchafu, anamchapa. Mwalimu anadhani anasinzia, anamchapa. Mimi nikiona pua nyeusi nashukuru Mungu, maana huyo nimempata."

Wa kike ndio wanaomsumbua zaidi kuwapata. Msichana wa huku akizungumza na mkubwa hupiga magoti na kutazama chini. Anayetazama chini saa zote husifiwa kwamba amelelewa vizuri.

"Kumbe mwanga unamchoma macho, masikini. Sisi tunamsifu," anasema Dorofe. "Heshima imenificha watoto wengi, ndugu yangu, we acha tu."

Lakini leo akili yake haiko kwenye kamba. Mara mbili ameacha kadi ikielekea juu huku akimwambia mtoto amekosea kwa kusema juu. Ndani ya mkoba wake wa kitenge kuna fomu ya kumsajili mtahiniwa wa darasa la nane, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Fomu ni ya Tiyamike Nakoma, msichana wa miaka kumi na saba mwenye ualbino, aliyesoma hapa hapa Nakhwere na kufeli mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka jana. Ili arudie, bibi yake aliyemlea lazima aweke dole gumba. Bibi amekataa mara mbili. Na Ijumaa ikipita, Tiyamike atakuwa amevuka umri wa kurudia.

"Watu wanasema mtoto alifeli," anasema Dorofe akikunja kamba. "Mtoto hakufeli. Nilimfelisha mimi, kwa kalamu yangu hii."

Mtu anaposema maneno kama hayo unatarajia atafute wa kugawana naye lawama. Dorofe hatafuti, ingawa angewapata wengi.

Alikutana na Tiyamike miaka mitano iliyopita, katika kitengo cha wasioona cha shule moja ya bweni, mbali kidogo na huku. Msichana alipelekwa huko akiwa na miaka saba. Ilikuwa miaka ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa hadi majumbani, na bibi yake, Eneles Nakoma, alikuwa akitembea naye kila mahali amemfunga mkono kwa kitenge, kisimani, shambani, hata kanisani. Bweni lilikuwa na ukuta na mlinzi. Bibi akaona afadhali.

Aliyempokea hakumpima macho. Aliona ngozi, akaandika "haoni", akampa kibao na kalamu ya kutobolea nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ambayo husomwa kwa kupapasa.

Miaka mitano baadaye Dorofe akaenda pale kuazima karatasi. Akakuta somo la kusoma, akakaa nyuma kusikiliza.

"Mtoto alikuwa anasoma vizuri kuliko wote. Lakini nikaona kitu. Sauti yake ilikuwa mstari wa sita, vidole vyake viko mstari wa nne. Nikajiuliza, huyu anasoma na nini?"

Akasogea. Uso wa Tiyamike ulikuwa upana wa vidole vitatu kutoka kwenye karatasi.

"Alikuwa anasoma vivuli, ndugu yangu. Karatasi nyeupe, nukta nyeupe, na mtoto anasoma kivuli cha nukta. Kwa macho! Vidole alikuwa anavipitisha tu ili asipigwe."

Walimu wa pale walijua. Katika watoto kumi na mmoja wa kitengo kile, Dorofe alihesabu tisa waliokuwa wakisoma nukta kwa macho, na dawa ya walimu ilikuwa kuwapiga visogoni ili vichwa viinuke. Hakuna aliyejiuliza kama mtoto anayeweza kuona kivuli cha nukta asingeweza kuona herufi ya wino. Kitengo kilikuwa cha wasioona, kwa hiyo waliokuwa ndani yake walikuwa hawaoni. Miaka mitano mtoto mwenye uoni hafifu alifundishwa upofu, na kwa kuwa alikuwa na akili, aliufaulu.

"Nikatoa pakiti ya chumvi mkobani," anaendelea Dorofe. "Nikamwonyesha herufi kubwa ya kwanza ya jina la chumvi kwa lugha yetu, M. Nikamuuliza unaona nini hapa? Akaisogeza kwenye jicho, akasema, madamu, naona vilima viwili. Miaka kumi na miwili, hajawahi kuonyeshwa herufi! Nikatoka nje nikalia. Si huruma. Hasira."

Ilimchukua muhula mzima kumtoa pale na kumrudisha nyumbani kwa bibi, hali ya usalama ikiwa imetulia kidogo. Tiyamike akaanza darasa la tano Nakhwere bila kujua kusoma jina lake kwa wino. Dorofe akawa anapita kila Jumanne na Ijumaa, kilomita kumi na nne kwa baiskeli, kumfundisha herufi kama mtoto wa chekechea.

Vitabu vya maandishi makubwa havikuwepo, kwa hiyo akaviandika mwenyewe. Alikusanya kalenda kuukuu kutoka madukani, akanakili sura za kitabu upande wa nyuma kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kama kidole. Mshahara wake, makato yakishatoka, ni kwacha laki mbili na kumi elfu kwa mwezi. Kalamu nene moja ni elfu mbili na mia tano, na haimalizi sura mbili.

"Mume wangu alikuwa ananiambia, Dorofe, umeolewa na hizo kalenda," anasema. "Nikamwambia angalau kalenda inajua leo tarehe ngapi."

Tiyamike alipofika darasa la saba alikuwa amehamia vitabu vya kawaida, lenzi mkononi, polepole lakini bila kukosea. Darasa la nane alishika nafasi ya nne kati ya watoto tisini na sita. Hata Likagwa alianza kumtaja kwenye mikutano ya wazazi.

Ndipo ikaja fomu.

Dorofe anakumbuka alivyoketi ofisini kwa mwalimu mkuu, pale pale tulipoketi leo. Mahali panapouliza hali ya macho ya mtahiniwa palikuwa na visanduku viwili: anaona, haoni. Ukitia alama "anaona", mtoto anapewa karatasi ya kawaida, maandishi madogo, muda ule ule wa wenzake. Ukitia "haoni", anapewa chumba chake na nusu saa ya ziada.

"Nilitafuta kisanduku cha tatu nyuma ya karatasi, nikidhani nimepitwa," anasema.

Likagwa naye hakatai alichosema siku ile. "Nilimwambia tia haoni, apate muda. Walimu wote wa watoto hawa wanafanya hivyo. Nani asiyetaka mtoto wake apate muda?"

Dorofe akatia alama "haoni". Pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika kwa mkono wake: "Mtahiniwa anasoma wino. Tafadhali mpeni maandishi makubwa." Akapigia mstari mara mbili. Akaondoka ameridhika, na hicho ndicho kinachomuuma zaidi mpaka leo, kwamba njiani alikuwa akiimba.

Siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi kukaribia. Dorofe alisimama ng'ambo ya uwanja, kwenye banda la jikoni, na yaliyotokea ndani aliyasikia baadaye kutoka kwa Tiyamike. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alifungua bahasha kubwa, akatoa karatasi ngumu za kahawia zilizojaa nukta nundu.

"Nikamwambia, bwana, mimi nasoma ya wino," anasimulia Tiyamike. "Akasema hapa imeandikwa huoni. Nikamwambia naona kidogo, ninayo lenzi. Akasema, sasa wewe unataka nikupe ya wenye macho ili iweje, nifukuzwe kazi?"

Angekuwa bado anajua kusoma vivuli pengine angejikokota. Lakini karatasi za bweni zilitobolewa kwa mkono, upande mmoja. Hizi zilitoka kwenye mashine, na mashine hutoboa pande zote mbili ili kuokoa karatasi. Kidole husikia nundu tu. Jicho huona nundu za upande huu na mashimo ya upande wa pili, yote yamechanganyikana.

Akaomba asogeze dawati dirishani apate mwanga wa ubavuni.

"Akaniuliza, asiyeona dirisha la nini?"

Siku tatu alikaa katikati ya chumba kile. Alijibu alichobahatisha. Siku ya mwisho alitoka na kumwambia Dorofe maneno mafupi tu: "Madamu, karatasi zilikuwa na mashimo." Hakulia. Alikwenda nyumbani akalala mpaka kesho yake mchana.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa hamsini na mmoja. Wenzake walimwita Dorofe amzuie, kwa kuwa walishaona jina halipo, lakini Tiyamike hakutaka kusomewa. Alitoa lenzi, akabandika uso mlangoni, akasoma jina moja baada ya jingine kutoka juu hadi chini. Kisha akarudi juu akaanza tena.

"Majina ya wenzake hamsini na mmoja, mara mbili," anasema Dorofe. "Hakukosea hata moja. Huo ndio usomaji niliomfundisha. Ungekuwa wewe ungesimama wapi? Mimi nilijificha nyuma ya choo."

Alipiga simu ofisi ya mitihani. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Mama, fomu yako ilitiwa alama haoni. Tukatoa ya wasioona. Tatizo liko wapi?"

"Na maneno niliyoandika pembeni?"

"Ya pembeni hatuingizi, mama."

Tangu hapo ameandika barua nne kuomba kisanduku cha tatu. Fomu ya mwaka huu imefika na visanduku vile vile viwili.

Saa nane mchana Dorofe anaegemeza baiskeli nyumbani kwa bibi Eneles. Ua mzima umetandazwa mahindi. Tiyamike amekaa kivulini, kofia pana kichwani, anapukuchua. Anapiga magoti kusalimia, macho chini. Bibi analeta togwa kwenye kikombe, anamtazama mgeni akinywa hadi nusu, ndipo anaanza.

"Umekuja na ile karatasi."

"Nimekuja nayo, mama."

"Mwaka jana ulikaa hapo hapo ukaniambia haoni, nikaweka dole. Sasa unaniambia anaona, niweke dole. Kule bweni waliniambia kipofu. Wewe ukaja ukaniambia si kipofu, tumrudishe. Mimi nimezeeka, madamu. Naomba mniambie mara moja. Mtoto wangu ni nini?"

Dorofe anaweka kikombe chini.

"Anaona kidogo, mama," anasema.

"Na kwenye karatasi hiyo, kidogo imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Basi."

Bibi anageukia mahindi. Ana sababu zake. Majirani wamemcheka mwaka mzima, mmoja akimwambia amepoteza ada bure kusomesha anayestahili kukaa ndani. Mjukuu akifeli mara ya pili watasema ni kweli. Na bweni lile, lililokuwa likimpa uji na mlinzi, limekataa kumpokea tena kwa kuwa ameshazoea wino.

Mwaka mzima Dorofe amekuwa akimpa Tiyamike mitihani ya zamani, ya maandishi madogo, na kumpimia saa. Maswali ni sitini kwa saa moja. Mwezi wa kwanza alifika swali la ishirini na mbili. Jumanne iliyopita alifika la thelathini na nane, akapata thelathini na sita.

"Yale mengine hakuyakosa, hakuyafikia," anasema Dorofe. "Lakini wakisahihisha yote ni sifuri."

Wanaochaguliwa kwenda sekondari huku ni nadra kuwa chini ya arobaini na tano. Kila mmoja hapa uani anazijua hesabu hizo. Ni Tiyamike anayezungumza, bado amepiga magoti, punje za mahindi mkononi.

"Bibi, weka dole."

"Ili wakucheke tena?"

"Mwaka jana nilifeli karatasi ambayo sikuisoma. Mtu ananiuliza uliulizwa nini, sijui hata la kumjibu. Mwaka huu nikifeli, nifeli niliyoisoma. Hiyo nitaiweza."

Bibi anaacha mahindi. Halafu anafuta dole lake kwenye kitenge, ananyoosha mkono, na Dorofe anafungua kidau cha wino haraka kabla hajabadili nia.

Kisanduku cha "anaona" anakitia alama Dorofe mwenyewe. Maana yake ni maandishi madogo, hakuna muda wa ziada, na chumba kimoja na watoto tisini. Pembeni safari hii haandiki kitu.

Mtihani ni wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Ukimuuliza sasa anatumaini nini, Dorofe hataji ofisi wala barua ya tano. Anataja hali ya hewa. Chumba cha darasa la nane hakina vibao vya madirisha, na mbele yake kuna paa jipya la bati. Jua likiwaka, mwanga wa bati humpiga Tiyamike machoni, analengwa na machozi, na kila swali linachukua zaidi ya dakika mbili badala ya moja na nusu. Siku za mawingu ndizo alizofika thelathini na nane.

"Naomba chiperoni," anasema. "Yale manyunyu yetu ya baridi, yakae juu ya chai siku tatu bila kuondoka. Kukiwa na giza la mawingu asubuhi mpaka mchana, kwa anavyoongeza kila mwezi, atafika hamsini. Nimepiga hesabu. Nimebaki na hilo tu la kumwombea, maana mengine yote nimeshaomba kwa watu."

"Mwezi wa sita mimi naanika mbaazi," bibi Eneles anasema kutoka kwenye mahindi yake. "Chiperoni ikikaa siku tatu zinaota ukungu zote. Hizo ndizo chumvi yangu na sabuni yangu."

"Najua, mama."

Bibi anageuza mahindi kwa mguu, mstari mmoja, kisha mwingine. Tiyamike amerudi kivulini, ameinamisha kofia, na hatazami upande wao.

"Siku tatu," anasema bibi. "Ya nne nataka jua langu."